Nilivyogoma Kuzima Pikipiki Siku ya Kumzika Mama

Jambo hili silipendi, na nyumbani wakianza kulitaja mimi huinuka nikaenda kuangalia ng'ombe, lakini leo nalisema mwenyewe, kwa sababu aliyekosa ni mimi, wala si pikipiki.

Siku tuliyomzika mama nilipewa kazi moja tu: kumpokea dada yangu Nakijwa stendi ya Same, akitokea Mbeya, nimpandishe kwetu Vudee, juu mlimani, kabla jeneza halijafungwa. Miaka minne hakuwa amemwona mama. Alishuka kwenye basi na begi dogo, hakulia, akasema tu, "Mdogo wangu, nifikishe nimwone uso." Pale stendi palikuwa na pikapu ya wanakwaya waliokuwa wanakwenda huko huko msibani, wakatuita, nafasi ipo, nami nikawajibu, "Tangulieni, tutawapita njiani." (Pikipiki yangu ilikuwa mpya. Semeni mnavyotaka, hata siku ya msiba mtu anaweza kutaka kuonekana.)

Tukapanda vizuri, wanakwaya tukawapita kweli, mpaka kona moja yenye kokoto, gurudumu la mbele likateleza, tukalala ubavu polepole kama watu wanaojinyoosha kitandani. Hatukuumia. Injini ikazima. Nikaiinua, nikabonyeza stata, inazunguka lakini haishiki, na pale mbele taa ya njano ya injini inapepesa. Pikapu ikatukuta, ikapunguza mwendo, nikaipungia mkono iendelee.

Sasa mimi kijijini kwetu naitwa fundi. Natengeneza pikipiki za zamani, zile zenye kabureta, nilijifunza kwa kufungua na kufunga tu, na shule niliishia darasa la saba. Hii yangu haina kabureta, mafuta yanapulizwa kwa umeme, na ukweli ni kwamba ile taa sikujua inasema nini. Kulitamka hilo mbele ya dada kukanishinda.

"Izime kabisa halafu uiwashe tena," dada akasema. "Simu yangu ikiganda ndivyo ninavyofanya."

"Dada, hii siyo simu."

"Jaribu tu."

"Funguo isiguswe! Nataka niione hiyo taa."

Nikaomba kanga yake, nikaitandika chini, nikafungua plagi nikaifuta, nikatoa chujio la hewa nikalipuliza, nikachomoa nyaya nisizozijua nikazirudisha. Akina mama waliokuwa wamebeba majani ya ng'ombe wakatua mizigo yao ili watutazame vizuri.

"Fundi, umeuona ugonjwa?" mmoja akauliza.

"Mafuta machafu," nikasema. (Uongo mtupu.)

"Kila fundi, mafuta machafu," mwenzake akasema, wakacheka. Dada akawaambia tunakwenda kumzika mama yetu. Wakatupa pole, na ile pole ikaniuma kuliko kicheko.

Kaka yetu mkubwa akapiga simu. "Mko wapi? Mchungaji ana maziko mengine, hawezi kungoja."

"Dakika kumi, kaka."

Wakati huo chujio liko juu ya kanga na boliti moja siioni. Kama ningesema ukweli, pikapu ilikuwa imeshafika kule, wangeirudisha ije imchukue dada. Akapiga tena, nikamjibu zile zile dakika kumi.

Nikafunga kila kitu. Haikuwaka. Nikashuka mferejini kunawa mikono, ingawa si mikono, nilitaka tu nisitazamwe. Nikiwa nimeinama nikasikia injini inanguruma. Dada alikuwa amesimama kando yake. Amezima funguo, amehesabu mpaka kumi, amewasha. Taa imepotea. "Kumbe fundi ni huyu!" wakasema wale akina mama, na mmoja akaanza kigelegele, akakumbuka msiba, akaziba mdomo. (Baadaye fundi mmoja wa Mwanga alinieleza kwamba pikipiki za aina hii zikianguka hujikatia mafuta zenyewe, na hazikubali mpaka uzime funguo. Ni hicho tu.)

Tulipofika, udongo ulikuwa unarushwa. Kaka akaniuliza mbele ya waombolezaji wote, "Hizo dakika kumi zako ni ngapi?" Dada alikuwa amesimama na kanga yenye grisi, anatazama shimo linavyojaa.

Siku hizi mtu akiniletea pikipiki nisiyoijua namwambia siijui, na wengine wameshaniacha kwa sababu hiyo. Waende. Sitarudia kumwahidi mtu dakika nisizokuwa nazo.

Dada hajawahi kunilaumu. Hunipigia tu Jumapili baada ya ibada, akauliza, "Wewe ulikuwepo asubuhi ile walipomtoa mama hospitali. Alikuwaje usoni?" Mimi asubuhi ile niliogopa, uso sikuutazama, niliangalia mikono yake tu. Na kwa kuwa sitaki kumdanganya mara ya pili, humwambia habari za mikono.