Kichupa Ndani ya Ndoo ya Barafu

Nimekasirika, na asije mtu hapa kuniambia nipoe. Mwenzangu ninayefanya naye kazi maabara, tunamwita Mama Barafu kwa sababu ndoo ya barafu haimtoki mkononi, ni mtu wa watu. Kosa lake ni moja tu: alijisifu kidogo nyumbani kwao.

Kazi yetu ni hii. Tuna bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, nao wanatutengenezea kipande cha kimeng'enya cha ini. Kipande, si kimeng'enya kizima. Peke yake hakifanyi lolote mpaka kiungane na mwenzake. Tunawapasua bakteria, tunakichuja, tunakitia kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mtoto, kila kimoja kimeandikwa "kwa utafiti tu". Watafiti wanakichunguza, basi. Hakiponyi hata panya.

Lakini kwao aliwaambia, "Natengeneza ini." Alitaka kurahisisha maneno, maskini.

Mdogo wake wa kiume alipougua ini, macho ya njano, tumbo limejaa maji, mama yao akamkalia kooni.

"Wewe si unatengeneza? Leta!"

"Mama, si dawa ile. Tena ni nusu tu."

"Basi leta hiyo nusu! Watu baki unawapa, ndugu yako unamnyima?"

Akaeleza mpaka mate yakamkauka. Wapi! Shangazi zake wakaacha kupokea simu zake. Kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aliambiwa na mama kwamba binti yake ana mkono wa birika hata kwa damu yake. Mtu anatoka kazini mgongo unamuuma, anapitia kwao kumwogesha mdogo wake, halafu anasemwa hivyo. Nilitamani kupiga meza.

Mgonjwa mwenyewe alielewa. Siku niliyomsindikiza dada yake kwenda kumwona, mama akiwa jikoni, alinong'ona, "Dada, leta chochote. Hata maji. Mama ananichosha kuliko hili tumbo." Akacheka, nasi tukacheka.

Kesho yake Mama Barafu akachukua kichupa kipya, akakijaza maji ya kunywa, akakipeleka ndani ya ndoo yake. Mgonjwa akayanywa mbele ya mama, akakunja uso kama aliyelamba shubiri. Mwigizaji yule! Jioni akala, akataniana na kila mtu. Mama akamkumbatia binti yake, akamwita "mwanangu", neno ambalo hakuwa amemwita tangu ugonjwa uanze.

Wiki haikuisha, kijana akafariki.

Msibani nilikaa ubavuni mwa Mama Barafu. Mama yao akaja kusimama mbele yetu, macho makavu.

"Kumbe ulikuwa nacho siku zote," akasema. "Si uliona kilivyomwinua? Ungekileta mapema, mwanangu angekuwa hai."

Jamani! Nikafungua mdomo niseme yote. Mama Barafu akanibana mkono mpaka kucha zikaniingia. Angesema nini? Kwamba alimnywesha mdogo wake maji, na mama akashangilia maji? Tuliojua tulikuwa watatu, na mmoja tulikuwa tumetoka kumzika.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilichelewa."