Jitu la Neema

Harufu ya kahawa iliyotoka kumenywa, ile yenye uchachu unaobaki mikononi hata baada ya sabuni, hunirudisha kijijini kwetu Ruanda, Mbozi, msimu ule baba alipotuletea kadi za kumbukumbu za simu kutoka Tunduma. Nyumbani simu ilikuwa moja tu, ya mama, na iliingia kadi moja kwa wakati. Dada yangu Neema akapewa ya GB mbili kwa kuwa alikuwa mwanakwaya. Mimi, ambaye nikiimba hata kuku wanahama, nikapewa ya MB mia tano na kitu. Roho iliniuma hadi nikasusa ugali.

Jumamosi baba akatupeleka Tunduma kwa kijana wa kuingiza nyimbo, kwenye kibanda kando ya foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Nilimuuliza maana ya herufi zile, nikitumaini zangu ndizo za maana zaidi. "M ni mega, kubwa," akasema bila kuinua macho. "G ni giga, yaani jitu. Ni maneno ya Wagiriki hayo. B ni baiti, Wamarekani walilitoa kwenye neno la Kiingereza la kung'ata. Chukulia ni tonge la habari. Sasa, mdogo wangu, jitu moja linameza mega elfu nzima." Neema alicheka akishika mbavu. Njia nzima ya kurudi aliniita Mega, nami nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Tangu siku hiyo kadi yake ndiyo iliyokaa kwenye simu. Yangu ilifungwa kwenye pindo la kanga ya mama. Jioni moja mama alikuwa uani akichambua kahawa huku akiimba kwa Kinyiha, na Neema akamrekodi. Nami nikataka aniimbie, kadi yangu ikiwa ndani, wimbo uwe wangu peke yangu. "Kesho, mwanangu," akasema, "leo nimechoka." Kesho yake kukawa na kazi nyingine, msimu ukaisha, na kabla ya kahawa kuiva tena tukamzika.

Leo simu yangu ina GB mia moja ishirini na nane, nyingi tupu. Neema alinitumia wimbo ule bila hata kubembelezwa, na huusikiliza mara kwa mara. Ningependa kusema wivu umekwisha, lakini haujaisha. Kabla ya kuanza kuimba, mama anasikika akicheka na kuuliza, "Neema, umeshawasha?" Majitu yote haya niliyo nayo, na hakuna hata moja ambamo mama ananiita mimi.