Mtoto Hajakosea

Shangazi yake ndiye aliyembandika jina la Kiherehere akiwa bado binti mdogo, na jina likamganda. Mtu akifungukiwa na kamba ya kiatu, yeye ameshainama. Mtu akitafuta neno, yeye ameshamtajia. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi kwenye dirisha la kliniki, akaandika kadi za chanjo za watoto kwa miaka sita, na huko nako aliwafungia kina mama mikoba na kuwafuta watoto wao makamasi huku wino ukikauka.

Kwa hiyo siku alipopata kazi ya kulipwa kunyamaza, nyumbani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kunyamaza? Wewe?" mama mkwe akauliza, mjukuu wa miezi minane begani. "Hao watu walikuona kweli, mwanangu, au walikuandika kazi kwa simu?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya mbali ilikuwa inatengeneza programu ya simu ya kutumika nchi nyingi, mzazi ajiwekee mwenyewe kumbukumbu za chanjo za mwanawe. Kabla ya kuitoa, walitaka ijaribiwe na watu watakaoitumia. Wakamleta Mkufunzi, mwanamke mpole mwenye daftari la taratibu, awafundishe wenyeji wanne kuendesha majaribio. Unamkalisha mtu, unampa simu, unamwambia afanye hiki na hiki huku akisema kwa sauti anachowaza. Wewe huonyeshi, husaidii, hukunji uso. Unatazama na kuandika.

Wiki ya kwanza Kiherehere aliikalia mikono yake. Kweli kabisa, aliikalia. Wiki ya pili akazoea, akagundua kwamba mdomo ukifungwa macho hufunguka.

Macho yakaona jambo. Kina mama kumi na mmoja walijaribiwa, wote wakaweza, wote wakasema programu ni nzuri. Bwana Sawa, mwenzao aliyeitikia "sawa" hata kabla hajaulizwa, akaandika "hakuna tatizo" mara kumi na moja. Lakini nje, mlinzi alikuwa na mtoto mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, na wa tatu yuko miguuni anatafuna kofia yake. Taratibu zilikataza watoto kuingia, eti wanaharibu sauti ya kamera.

"Dada," mlinzi akalalamika, "mwizi akija leo itabidi nimwombe anishikie watoto kwanza, ndipo nimkamate."

Kiherehere akacheka, kisha akawatazama tena wale watoto watatu. Kwa miaka sita dirishani, ni mama gani aliyewahi kumwona akifika kliniki na mikono mitupu?

Akamwambia Mkufunzi kina mama waingie na wanao. Mkufunzi akamsikiliza vizuri, akafungua daftari palepale penye katazo.

"Siku ya mwisho makao makuu watatutazama moja kwa moja," akasema. "Watachagua kiongozi wa timu kwa mwaka mzima. Wewe uko mbele ya wenzako. Usijiharibie."

Tusidanganyane, Kiherehere aliutaka uongozi ule. Alishachagua hata msumari wa kutundikia mkoba wake.

Siku ya mwisho kamera ikawashwa. Mama wa kwanza alikuwa mlangoni anamkabidhi mlinzi mwanawe.

"Ingia naye," Kiherehere akasema.

Mkufunzi, kwenye kona, akatikisa kichwa. Kiherehere alimwona. Akavuta kiti, akamkalisha mama, mtoto mapajani.

"Andika chanjo ya leo ya mwanao, kisha uihifadhi."

Mama akashika simu kwa mkono mmoja, mwingine umemzunguka mtoto. Kidole gumba kikajinyoosha, wapi! Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa juu kabisa. Akaishusha simu ailaze gotini. Mtoto alikuwa anaingoja nafasi hiyohiyo. Kiganja, paa! kwenye kitufe chekundu cha chini. Jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo zote zikafutika, wala simu haikuuliza.

"Samahani," mama akasema, uso umemshuka. "Nimewaharibia kazi. Huyu mtoto mtundu."

Mikono ya Kiherehere ikamwasha. Ulimi nao. Kunyamaza kulimuuma kama ziwa lililojaa maziwa na mtoto yuko mbali. Akanyamaza hivyohivyo, akaandika.

Mkufunzi akabonyeza kisikilizi sikioni, akawasikiliza makao makuu. "Wanasema jaribio limeharibika. Lirudiwe bila mtoto."

"Nitalirudia. Na mtoto."

Akaita mama wa pili, mwanawe mapajani. Huyo hakufuta kitu, ila hakuweza kuhifadhi, akaomba msamaha. Wa tatu akafutiwa kila kitu kama wa kwanza. Naye akaomba msamaha.

"Wanasema ukiendelea hivi…"

"Waambie nimesikia."

Mwisho ikaletwa fomu. Penye sababu ya majaribio kuharibika, Mkufunzi akamwonyesha aandike "kelele za watoto". Kiherehere akaandika: Programu imeshindwa mara tatu. Mama hajakosea. Mtoto hajakosea. Akatia sahihi akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Unajua unachokiacha?" Mkufunzi akauliza kwa sauti ya chini.

"Najua. Lakini watu watatu wameniomba msamaha na hakuna aliyekosa. Niliwanyamazia kwa sababu ndiyo kazi. Sasa kazi imeisha, naongea."

Uongozi akapewa Bwana Sawa.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama mkwe akasema akimpa mtoto amnyonyeshe. "Mshindo wako umekung'oa kitini."

"Kiti ninacho, mama. Nimenyimwa cha mbele tu."

Wiki kadhaa baadaye programu ikaja tena kujaribiwa. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimeteremka mpaka kwenye kidole gumba, na cha kufuta sasa kilikuwa kinauliza mara mbili. Daftari la taratibu peke yake halikubadilika: watoto wasiingie.

Asubuhi hiyo Kiherehere alifika na binti yake mgongoni, na nyuma yake kina mama watatu na wanao. Bwana Sawa akatazama daftari, akamtazama yeye, mdomo wazi.

"Sema tu, shemeji," Kiherehere akamwambia. "Neno lenyewe unalijua."

Mlinzi alishafungua mlango wote, mikono mitupu, kofia kichwani.

"Piteni, piteni," akasema. "Mimi leo nalinda mlango tu."