Mchanga wa Kisima cha Nthenya

Nthenya alipoolewa upande wa Kathonzweni, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, hakuonyeshwa kwanza jiko wala zizi. Mama mkwe wake, Kalunde, alimpa kibuyu akamteremsha mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo. Nthenya alitoka kwa watu wa milimani wenye chemchemi, akadhani anafanyiwa mzaha wa bibi arusi. Akacheka. Kalunde hakucheka. Alisogeza matawi ya miiba yaliyozungushiwa pahali pamoja, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Mkono haujazama hadi kiwiko, maji yakaanza kujikusanya, safi na baridi.

"Mto umejifunika tu," alisema Kalunde. "Huu mchanga ndio unaolinda maji jua lisiyanywe. Siku utakayopitisha kiwiko na hujalowa, usilale."

Akampa na masharti. Hapo hapafuliwi nguo, ng'ombe hasogei, na jirani akija na kibuyu chake hakatazwi. Kisima kile mke alikipokea kwa mama mkwe, naye akaja kumkabidhi mke wa mwanawe. Nthenya alikishika kama wengine wanavyoshika hati ya shamba. Mwaka wa njaa ya atta, watu walipokuwa wakingojea unga wa serikali, alikichimba hadi kikamfika kiunoni. Hata hivyo maji yalikuwapo, na punda wa kuteka maji walikuja kutoka mbali, hata Kalamba.

Kalunde alikuwa amezaa watoto tisa na kuzika zaidi ya nusu, surua na malaria zikiwapokezana. Nthenya naye alizaa tisa, wakachanjwa, wakabaki wote. Siku ya Jumapili walijaza benchi zima kanisani, naye alitembea mbele yao shingo imenyooka, na kwa nini isinyooke? Muuguzi wa zahanati alipokuja kuzungumzia kupanga uzazi, akina mama walijifunika midomo kwa leso. Nthenya akamwambia, "Sista, hawa wangu wamekataa kufa. Sasa unataka niwaambie nini?"

Watu walicheka mpaka muuguzi mwenyewe akacheka. Kisha akauliza kwa upole, "Na shamba, mama, nalo limezaa shamba lingine?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Nthenya alikuwa na hasira asiyojua ni ya nini.

Wana walipooa, Jonah mumewe aligawa shamba kwa kamba ya katani. Kila kipande kilitoka chembamba hivi kwamba mbuzi akifungwa kwa mmoja alikula mahindi ya ndugu wawili. Mbuvi, kitindamimba, alipata ukanda wa mawe. Waliokosa pa kulima walipanda kilimani, kwenye malisho ambayo zamani yalikuwa ya wote. Walikata miti wakachoma makaa, wakalima kufuata mteremko. Zamani matuta yalichimbwa na mwethya, kijiji kizima kwa jembe na wimbo, leo kwako kesho kwangu. Sasa kila mtu alikuwa anakimbizana na lake. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka mekundu.

Ndipo kanisa lao la udongo likapasuka ukuta. Mzee wa kanisa, Ndolo, alikuja na wenzake kumwomba Nthenya njia, kwa kuwa pa kushukia mtoni palikuwa mwisho wa shamba lake, na lori la mchanga halikuwa na kwingine pa kupita. Nyumba ya Mungu, nani angekataa? Aliwapikia chai. Ua wa miiba wa mwisho wa shamba aliukata kwa panga lake mwenyewe, na karai la kwanza alilibeba yeye, akina mama wakiimba nyuma yake. Kanisa likasimama, la matofali ya simiti, linaonekana toka mbali.

Njia nayo ikabaki.

Yalikuja malori ya miji ya barabara ya Mombasa, huko kila mtu alikuwa anajenga plot, vyumba vya kupangisha. Vijana wa kupakia hawakutafutwa mbali. Mbuvi alikuwa wa kwanza kununua koleo. Mwaka wa kwanza Nthenya alichimba hadi begani. Uliofuata akaomba ngazi, na usiku usingizi ukamkimbia. Asubuhi moja akaburuta miiba akaifunga njia, akaketi mbele yake. Lori likasimama likinguruma. Mbuvi akashuka kutoka nyuma, akachuchumaa karibu naye.

"Mwaitu, mama yangu, mchanga hauna mwenyewe. Mvua ikinyesha, mto unauleta mwingine."

"Unaleta matope ya kilimani mnakolima. Mchanga huo uko wapi?"

"Mbona wa kanisa ulibeba kwa kichwa?"

Wenzake wakacheka garini. Mbuvi hakucheka. Akasema polepole, kama anayeomba maji, "Basi mama, nipe shamba, niache koleo."

Nthenya alimtazama mtoto aliyekataa kufa. Hakuwa na shamba la kumpa. Aliinuka, akaivuta miiba kando kwa mikono yake, na lori likapita.

Ikaja mvua kubwa ya tisini na saba, ambayo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Mto ulinguruma kwa wiki nyingi, na watu wakaambiana kwamba sasa mchanga unarudi wote. Maji yalipokwisha kupita, jua halikukaa hata mwezi kabla ya mitungi kukauka.

Mbuvi alikuwa ameoa, na mkewe Mumbua, binti aliyetoka Kabati, alikuwa na mimba ya kwanza. Nthenya alimpa kile kibuyu, akamteremsha mtoni kama alivyoteremshwa yeye. Pale pa zamani palikuwa na matope mekundu yaliyokauka na kupasuka kama kisigino. Alipiga magoti. Alichimba. Mkono haujazama hadi kiwiko, kucha zikakwaruza mwamba. Alisogea kando akachimba tena, na mwamba ukawa pale pale, mkavu, una joto la jua.

Mumbua alisimama na kibuyu chake, anatabasamu, akidhani ni mzaha wa bibi arusi.