Uzito Uko Mwisho

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa na vifundo vya vidole vilivyochubuka kwa kugonga meza. Kila neno lililoungwa kwa maneno mengine alilikata vipande, pigo moja kwa kila silabi, na la mwisho zito: pom-de-TER, yaani kiazi; ar-kan-SIEL, yaani upinde wa mvua. Sisi watu wazima, ndimi zetu zimeshazoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tulisema ar-KAN-siel, naye akafumba macho kama aliyekanyagwa kidole. "Mwisho, jamani! Uzito uko mwisho! Niseme kwa lugha gani?" Aliyemchosha kabisa ni mama mmoja mshonaji, aliyejiandaa kwenda kumlea mjukuu asiyejua lugha nyingine ila hiyo. Siku moja mwalimu alimrudishia neno lile la upinde wa mvua mara tisa, kisha akapayuka, "Mama, hivi unanisikia kweli?"

"Sikusikii vizuri tangu mwanzo, mwanangu," mama akajibu. "Sikio la upande wako limekufa. Niliona haya kusema." Mwalimu akaikokota meza mpaka upande wa pili wa mama, akamwomba alaze kiganja mezani, akagonga polepole karibu na vidole vyake. "Ar-kan-SIEL," mama akasema, sawasawa kabisa. Tukapiga makofi. "Makofi ya nini?" mwalimu akatufokea. "Wiki sita namkemea mtu asiyenisikia, nanyi mnapiga makofi!" Halafu akamgeukia mama, sauti imeshuka. "Tena, mama. Tafadhali."