Mkono Uliogoma Kusuka

Inatangazwa kwa taadhima yote, kwa wenye nywele na wenye upara, kwa waliosoma na waliotoroka, kwamba baada ya miaka mingi ya utafiti, mashine kubwa kama chumba cha kulala na mikutano isiyohesabika yenye chai na vitafunwa, wataalamu wa ubongo wamefikia jambo zito: mkono unaweza kuwa mzima, na mwenye mkono akawa mzima, ila mawasiliano kati yao yakawa kama ya mume na mke walionuniana. Mmoja wa waliotoa ushahidi huo ni mwanamke ambaye darasani alikaa nyuma kabisa, si kwa ujinga, bali kwa sababu huko ndiko alikoweza kusuka wenzake bila mwalimu kuona.

Watu humwita Mama Mistari. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa mistari yake ya nywele ilinyooka kuanzia kwenye paji hadi kisogoni bila kuyumba. Mumewe, fundi umeme, alikuwa akisema kwamba kama nyaya zake zingepita ukutani namna ile, asingegombana na mteja hata mmoja. Miaka ishirini na sita Mama Mistari alikuwa amesimama nyuma ya kiti kilekile, cha kwanza mlangoni, kwenye saluni ya wifi yake. Saluni yenyewe ni chumba kirefu chenye viti sita, vioo sita, kimoja kimebandikwa utepe wa gundi kama jeraha, na mashine mbili za kukaushia nywele, moja inafanya kazi na nyingine inatundikwa mikoba.

Mambo yalianza asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, akiwa kwenye mstari wa tatu kutoka sikioni. Kidole cha shahada kikajikunja. Kidole gumba kikaingia chini yake, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mama Mistari akacheka, akakung'uta mkono, akaendelea. Kesho yake kikajikunja tena. Baada ya wiki tatu hakuna kichwa kilichopita bila mkono kugoma katikati, na mteja mmoja alirudi nyumbani nusu kasukwa nusu kichaka, kama shamba lililoishiwa mbegu.

Kilichommaliza ni hiki: nje ya nywele, mkono haukuwa na tatizo lolote. Ulimenya viazi. Ulitia uzi kwenye sindano. Ulifinya watoto. Ukigusa nywele, basi.

"Wifi, huo mkono una akili," alisema wifi yake, mwenye saluni, mbele ya watu kama ilivyo desturi ya mawifi. "Ukiona rasta unaumwa. Ukiona sahani, umepona!"

"Naapa sijifanyi, wifi."

"Sijasema unajifanya wewe. Unaojifanya ni mkono. Wewe kazi yako ni kuufuga."

Saluni nzima ikaangua kicheko, na Mama Mistari mwenyewe akacheka, maana usipocheka saluni watakucheka mara mbili. Lakini jioni, wakati wa kufagia nywele, wifi alimvuta pembeni, sauti ikashuka.

"Kiti cha mlangoni ndicho uso wa saluni, unajua. Nakupa mpaka mwezi wa sita uishe. Huo mkono ukiwa haujatulia, nitakuhamishia kwenye sinki. Utaosha vichwa, wengine wasuke."

Kumwambia msusi akaoshe vichwa ni sawa na kumwambia mpishi mkuu akachunge sufuria zisiibiwe.

Nyumbani, mumewe alilishughulikia suala hilo kitaalamu. "Hapo waya umelegea mahali," alisema. "Tukipajua mahali penyewe, tumemaliza." Akaanza kuubonyeza mkono kuanzia begani, polepole, kama anayekagua laini ya umeme.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Unanitekenya."

Hospitali nao walitafuta waya. Walipiga picha mifupa, wakapima mishipa ya kifundo, wakampa dawa ya kuchua yenye harufu iliyomfukuzia wateja wawili waliobaki. Mwisho wakamwandikia karatasi aende nyuma ya jengo kubwa, kwenye kitengo cha utafiti wa ubongo, mlango wenye kibao kirefu kuliko korido yake.

Huko alimkuta daktari kijana mwenye nywele nyingi zilizosimama kila upande. Mama Mistari akambatiza palepale, kimoyomoyo: Daktari Kichaka.

"Kidole kinajikunja ukisuka tu?" aliuliza daktari.

"Tu."

"Ukiosha vyombo?"

"Hakina habari."

Daktari akakenua meno yote. "Mama, hiyo nzuri sana!"

"Nzuri kwa nani?"

Daktari akaona aibu, akavuta kiti. Ugonjwa huo unaitwa distonia, alisema, jina ambalo Mama Mistari aliona lingefaa zaidi dawa ya kikohozi. Huwapata hata wapiga vyombo vya muziki na waandishi, watu wanaorudia kitendo kidogo kilekile miaka na miaka, ingawa wengi wa namna hiyo hawaupati na haijulikani vizuri kwa nini. Zamani madaktari walitafuta sehemu moja iliyoharibika. Siku hizi wanaangalia mtandao wa ubongo, yaani jinsi sehemu mbalimbali zinavyosemezana. Kuna inayopanga kidole kiende wapi, kuna inayosikia kidole kimegusa nini, na kuna inayovituliza vidole visivyohusika visijiingize. "Kwako hakuna sehemu iliyokufa," alisema. "Zote nzima. Ila zinaongea zote kwa pamoja, haijulikani nani anamjibu nani."

"Kama saluni siku ya Jumamosi."

Daktari akatoa kalamu. "Naomba niliandike hilo."

Mama Mistari alirudi kazini na habari, akaitoa kwa sauti ya mtu aliyetoka kuonana na wakubwa: "Tatizo ni mtandao."

Angeenda kutangaza sokoni ingekuwa nafuu.

"Hamia laini nyingine, shoga!"

"Au kifurushi kimeisha."

"Mpandisheni juu ya kiti jamani, anyooshe mkono dirishani, huku ndani mtandao haushiki!" alisema mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine, na kwa kucheka sana akatoka nje ya joto nywele zikiwa mbichi.

Siku ya kupimwa ilipofika, daktari alitoa kofia ya mpira yenye vidude vidogo vingi. Kila kimoja, alieleza, lazima kiguse ngozi ya kichwa ili kinase umeme mdogo wa ubongo wakati mkono unasuka. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakuwaza kwamba itafika siku nywele zitazuia akili isionekane. Fundi wa mashine, mzee mwenye upara unaong'aa, alihangaika saa nzima akipenyeza vidude kwenye nywele za Mama Mistari, na kila alipokiweka hiki, kile kinaruka.

"Baba, hebu ngoja," alisema Mama Mistari. "Nipe ramani. Hivi vidude vinakaa wapi na wapi?"

Akapewa karatasi yenye duara na nukta. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Kesho yake wifi alisimama nyuma ya kichwa chake, chanuo mkono wa kulia na ramani ya ubongo mkono wa kushoto, akilalamika tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho kwamba hajawahi kusuka mtindo wa kipuuzi namna hii. Lakini alisuka. Mistari ikapita kati ya nukta, na njia zikabaki wazi palepale palipotakiwa. Aliporudi hospitali, kofia ilikaa sawasawa ndani ya dakika saba tu. Fundi wa mashine aliivua miwani, akaivaa tena.

Ndipo mkono ukamfanyia kihoja.

Walikuwa wamemwekea kichwa cha plastiki chenye nywele za bandia, asuke huku mashine inaandika. Alisuka. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, bila kidole kutikisika. Mkono ulitulia kama bibi harusi mbele ya wakwe.

Daktari akaangalia mashine, akamwangalia yeye. Wifi angekuwepo, safari ya sinki ingeanza leo leo. Na kilichomuuma si sinki tu. Mtu wa kwanza aliyemwamini alikuwa huyu kijana, na sasa mkono umemfanya muongo mbele yake.

"Kichwa hiki hakina joto," alisema, karibu kulia. "Hakisogei. Hakisemi 'aii'. Mkono umeshajua kwamba hapa hakuna kazi. Nipeni kichwa cha mtu."

Wakatazamana. Fundi wa mashine alikuwa na upara. Profesa, mkuu wa kitengo, aliyechungulia kuona kulikoni, upara wake ulimshinda hata fundi. Macho yote yakahamia sehemu moja. Daktari akapapasa nywele zake polepole, kama anayeziaga, akakaa kwenye kiti.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Katikati ya wa tatu kidole kikajikunja, gumba likaingia chini yake, na nywele za daktari zikiwa humo humo ndani.

"Aaiii! Usi... usiache! Mashine inanasa!"

"Siwezi kuacha hata nikitaka!"

"Endelea mama, aii, vizuri sana, aii!"

Fundi wa mashine, kwa kuwa hakuwa na mkasi, alichukua chupa ya jeli ile inayopakwa chini ya vidude vya kofia, akaiminya juu ya mkono na kichwa kwa pamoja, akitumaini kitu kitateleza. Jeli ya baridi ikamtiririkia Mama Mistari vidoleni. Kidole kikafunguka. Akangoja kijikunje tena. Hakikujikunja. Bila kufikiri akakamata nywele, akamalizia mstari wa tatu, akaanza wa nne.

Daktari, machozi yakimlengalenga, aligeuza shingo. "Umefanya nini?"

"Sijafanya. Nimepakwa."

Basi ikawa ni kicheko na maelezo kwa pamoja. Kwa baadhi ya wagonjwa, alisema daktari, ngozi ikihisi kitu kigeni, mazungumzo ya mle kichwani hukatizwa kidogo, na vidole hupata nafasi ya kusikilizana. Si wote, wala si dawa, lakini ni mlango. Wakajaribu kidole cha glavu, pete, uzi, na mwisho plasta ya kawaida ya jeraha, iliyozungushwa kwenye ncha ya kidole cha shahada. Plasta ikashinda vyote.

Kuanzia hapo alipewa mazoezi, na yalikuwa ya kuudhi. Mstari mmoja, pumzika. Shika kwa ulegevu, kama umeshika kifaranga. Mkono ukianza kukaza, acha, usishindane nao. Mtu aliyesuka vichwa vitatu kwa siku akawa anajifunza upya kama binti wa miaka tisa, juu ya kichwa cha mumewe, ambaye ilibidi afuge nywele na akapachikwa majina na mafundi wenzake. Ile mistari myembamba kama uzi wa buibui ilimshinda, na mpaka leo inamshinda. Mistari ya wastani ilianza kutii. Kisha ile myembamba kidogo zaidi.

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita, wifi alikuja, akakaa mwenyewe kwenye kiti cha mlangoni, akafungua kilemba.

"Nisuke."

Saluni ikanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea mchana. Mama Mistari akavaa plasta yake, akagawa nywele. Hakuharakisha. Mara mbili alihisi kidole kikiwaza uovu, akaachia, akahesabu tano, akashika upya. Chanuo lilisikika. Hata mama wa chini ya mashine alizima joto ili aone. Alipofunga ncha ya mwisho, wifi alichukua kioo kidogo, akajigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye kila mstari kama askari anayekagua gwaride.

"Huu wa tatu umepinda."

"Umefuata kichwa, wifi. Kichwa ndicho kilichopinda."

Wifi alijaribu kununa, akashindwa. "Basi Jumatatu uwahi. Kiti chako nimekiandikia wateja wanne." Akafunga kilemba, akaenda kugombana na mtu mwingine.

Mwezi uliofuata daktari aliwasilisha utafiti wake katika ukumbi wenye viti vya kukunja na maikrofoni iliyokuwa ikipiga mluzi. Mama Mistari alikaa mbele, amevaa vizuri, ameshiba, ametulia. Ukutani zilimulikwa picha za ubongo wake, nyuzi nyekundu na samawati zikipishana, na daktari akaonyesha jinsi nyuzi za mkono zilivyokuwa zimechanganyikana, na jinsi baada ya mazoezi zilivyoanza kuachana kidogo. Akasisitiza hilo "kidogo". Wakapiga makofi. Kisha profesa mwenyewe akasimama, akakohoa, akamgeukia.

"Mama," alisema, na sauti ikajaa ukumbi, "leo umetazama mahali ambapo wafalme hawakufika na wenye hekima walikisia tu: ndani ya fikra zako mwenyewe. Mtandao wako sasa ni sehemu ya elimu ya binadamu. Kabla hatujafunga, ungependa kuuambia nini ulimwengu?"

Maikrofoni ikaletwa. Mama Mistari akaishika kwa ulegevu, akaangalia saa ya ukutani.

"Nina mteja saa nane."