Mtori wa Mpangaji

Mama yangu ni mkali, na akishasema amesema. Mwaka ule alimwambia mpangaji wetu atuachie chumba kabla ya Desemba. Ndugu zangu wote wangerudi Krismasi, mimi peke yangu nikiwa nimebaki nyumbani, na alikuwa amechoka kuona wanawe wakija Moshi halafu wanalala gesti kama wauza vitunguu. Ilikuwa haki yake. Nyumba ile aliijenga kwa kahawa ya Uru, na jasho alilolimwaga nalijua.

Mpangaji alikuwa binti wa Kigoma, mumewe kibarua kwenye mashamba ya miwa, anarudi mara mojamoja. Hakubisha. Alizunguka kutafuta chumba, tumbo likiwa limetangulia, na kabla hajapata akajifungua mtoto wa kike.

Kwetu mzazi hulishwa miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, kazi yake ni kula na kunenepa. Huyu hakuwa na mama wala mkwe karibu. Asubuhi nikamkuta mama jikoni anaponda ndizi na nyama, mtori mzito wa kumshibisha mzazi.

"Si umempa notisi?" nikamuuliza.

"Notisi ni ya nyumba. Njaa yake inanihusu."

Akawa anampelekea kila asubuhi na kumsimamia mpaka bakuli liishe. "Kunywa, mwanangu, maziwa yashuke." Halafu, kwa sauti ileile, "Na chumba umepata?" Binti wa watu alikuwa akilia huku anameza. Nilimpenda mama na kumkasirikia kwa pamoja.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano wa kutoa maoni kuhusu sheria za kupangisha. Wenye nyumba walitaka mpangaji akiambiwa atoke, atoke. Wapangaji walitaka wapewe muda, na mabati yasiezuliwe watu wakiwa ndani. Mama akasimama, nikajua sasa anawatetea wenzake.

"Andika," akamwambia mwenyekiti. "Mwenye nyumba arudishiwe nyumba yake. Na mzazi asitolewe mpaka amalize uzazi."

"Na akizaa kila mwaka, mama?" mwenye nyumba mmoja akadakia. Watu wakacheka.

"Utapika kila mwaka."

Krismasi tulilala sebuleni mzungu wa nne, wajukuu wakitukanyaga. Mama alilalamika mpaka mwaka mpya.

Miezi mitatu ilipotimia, binti alifungasha mwenyewe. Alikuwa amepata chumba Chekereni. Kirikuu ikaja, kitanda na vyombo vikapakiwa, kisha akaja barazani kuaga. Mama alikuwa amempakata mtoto tangu asubuhi.

"Asante kwa yote, mama. Chumba nimekifagia. Nipe mtoto, dereva anasubiri."

Mama hakuinua mikono. Alimfunika mtoto miguu kwa ncha ya kanga.

"Notisi nilikupa wewe," akasema. "Huyu sijampa."

Dereva akatutazama, kisha akazima gari. Nikaenda kushusha kitanda.